Mabasi Tisa ya Lisbon

Wiki ya kwanza ya Novemba 2019 jiji la Lisbon lilijaa wageni wa mkutano mkubwa wa teknolojia, na mabasi tisa ya mjini yakapewa kazi ya ajabu kidogo. Yalibeba abiria kama siku zote, katika njia nne zenye vituo 26. Ila pa kupita kati ya kituo na kituo hapakupangwa na mkongwe yeyote wa idara ya usafiri. Palipangwa na kupangwa tena kadiri foleni ilivyobadilika, na hesabu yenyewe ilipigwa na kompyuta ya kwantamu ya D-Wave, kampuni ya Canada, kwa programu iliyoandikwa na watu wa Volkswagen. Mkutano ulipokwisha, jaribio nalo likawa limetimiza siku zake.

Naupenda mradi huu mdogo kuliko matangazo makubwa yote yaliyoutangulia na kuufuata, kwa sababu moja tu: humo ndani alikuwamo mtu. Mtu mwenye kikapu mkononi, anayewahi kazini au anayerudi nyumbani, ambaye ungeweza kumsimamisha ukamwuliza, "Leo umefika mapema?" Habari nyingi za kompyuta za kwantamu hazina mtu wa aina hiyo. Zina mitambo ya rangi ya dhahabu inayoning'inia kama thurea ya msikitini, zina wanasayansi waliovaa miwani ya kinga, zina tarakimu zenye msururu wa sifuri. Abiria hayumo.

Nina maradhi ya kazi. Kwa miaka mingi nimesoma taarifa za utekelezaji wa miradi: lengo, kiashiria, kilichofikiwa, changamoto, hatua zinazofuata. Kisha nikapanda basi, baadaye bodaboda, nikaenda kuona. Katika kijiji kimoja nilikuta ubao wa mradi bado unang'aa na vibanda vya kuchotea maji vimejengwa vyote, idadi ileile iliyoandikwa kwenye mpango. Kwa mujibu wa taarifa, utekelezaji ulikuwa asilimia 100. Mama mmoja akapita na ndoo kichwani akitokea mtoni. Nikamwamkia, nikamwuliza habari za vibanda. "Vizuri, mwanangu," akasema. "Mbuzi wanapata kivuli."

Tangu siku hiyo sisomi taarifa ya mradi wowote, hata wa maabara za Marekani, bila kumtafuta mama yule ndani yake.

Na huu wa kwantamu ni mradi kweli, si wazo la maprofesa wawili watatu. Uingereza ilianza mpango wake wa taifa kwa paundi milioni 270 mwaka 2013, na mwaka 2023 ikatangaza bilioni 2.5 nyingine kwa miaka kumi. Umoja wa Ulaya uliweka yuro bilioni moja mwaka 2018. Marekani, Desemba mwaka huohuo, ikapitisha sheria maalumu. China haikubaki nyuma. Fedha zote hizo zimeombwa kwa jina la watu: dawa mpya, mbolea nafuu, betri zinazodumu, barabara zisizo na foleni. Kwa lugha ya taarifa za miradi, wanufaika ni sisi.

Kabla ya kwenda kuangalia bomba, inafaa kujua kinachotarajiwa kutoka ndani yake. Mwaka 1981 mwanafizikia Richard Feynman alisimama mbele ya wenzake kwenye mkutano wa MIT akatoa hoja iliyo rahisi kuielewa hata leo. Atomu hazifuati sheria za kompyuta zetu. Zina sheria zake. Ukitaka kuiga mwenendo wake, na zikawa nyingi, kompyuta ya kawaida itaelemewa. Basi jenga mashine inayofuata sheria hizohizo za atomu. Feynman hakutaja mabasi wala mikopo ya benki. Alikuwa akizungumzia fizikia.

Wanaoeleza mashine hiyo kwa wepesi husema biti ya kawaida ni sifuri au moja, kyubiti ni vyote viwili kwa pamoja, hivyo mashine hujaribu majibu yote kwa mpigo mmoja. Maelezo hayo yamewapotosha wengi, wakiwamo wenye fedha za kuwekeza. Aliyekulia pwani ana mfano ulio karibu zaidi na ukweli. Simama mahali ambapo mawimbi yanayoingia yanakutana na yale yanayorudi baada ya kugonga jabali. Pengine mawili yanapandana yakawa kilima; pengine yanauana, maji yakatulia tuli. Ufundi wa kompyuta ya kwantamu ni kuyapanga mawimbi ili majibu ya makosa yauane yenyewe kwa yenyewe na jibu sahihi lipande juu. Kwa matatizo machache, namna ya kuyapanga inajulikana. Kwa mengi haijulikani, na kwa mengine huenda haipo kabisa. Ndiyo maana mashine hii si kompyuta ya kawaida iliyoongezewa kasi. Haitafungua video upesi zaidi, wala haitafanya simu yako iache kuganda.

Mwaka 1994 Peter Shor, wakati huo akiwa Bell Labs, alipata mpangilio mmoja wa mawimbi ambao ulibadili kila kitu. Alionyesha kwamba mashine ya aina hii, ikiwepo, ingeweza kuivunja namba kubwa ikatoa vigawo vyake vya namba tasa kwa muda mfupi. Ugumu wa kazi hiyo ndio unaolinda sehemu kubwa ya siri za dunia: ni rahisi kuzidisha namba tasa mbili ndefu, ni balaa kurudi nyuma ukazipata. Nilipokuwa nafuatilia historia hii nilicheka nilipofika mwaka 2001. Baada ya miaka saba ya kazi, wataalamu wa IBM na wa Chuo Kikuu cha Stanford walifanikiwa kuendesha njia ya Shor kwenye mashine halisi, nayo ikatoa jibu: 15 ni 3 mara 5. Mwaka 2012 watafiti wa Bristol wakafika 21. Mtoto wa darasa la nne angewasaidia.

Nacheka, lakini si kwa dharau. Mradi wowote mgumu huanza hivyo. Kinachonisumbua ni kingine, nacho nakijua kutoka vijijini.

Septemba 2020 IBM ilichapisha ramani ya kazi yake, kwa miaka na kwa tarakimu. Kyubiti 127 mwaka 2021, 433 mwaka 2022, zaidi ya 1,000 mwaka 2023. Wanaofahamu miradi wanajua jinsi mpango wa tarakimu unavyomfunga mtu, na lazima nikiri kwamba IBM haikukwepa. Eagle ilitoka 2021 na kyubiti 127. Osprey ikatoka 2022 na 433. Desemba 2023 ikatoka Condor, kyubiti 1,121. Asilimia 100 ya utekelezaji, na zaidi.

Ila wakati huohuo wa kuionyesha Condor, kampuni ilitoa chipu nyingine iitwayo Heron, yenye kyubiti 133 tu, na hiyo ndogo ndiyo iliyowekwa mbele ya watumiaji. Kwa nini? Kwa sababu Heron ilikosea mara chache zaidi. Hapo ndipo penye siri ya mradi mzima. Kyubiti ni kitu chepesi kuharibika kuliko yai. Joto kidogo, mtikisiko kidogo, mnururisho wa kupita, na wimbi lake linavurugika. Mashine nzuri za siku hizi hukosea takriban mara moja katika kila hatua mia kadhaa, zilizo bora sana mara moja katika elfu, ilhali hesabu ya maana inahitaji mamilioni ya hatua, mara nyingine mabilioni. Kyubiti elfu zinazokosea ni vibanda vya maji visivyo na maji. Waliopanga walihesabu vibanda kwa sababu vibanda vinahesabika.

IBM yenyewe imelielewa hilo na imebadili kiashiria. Ahadi yake ya sasa, iliyotolewa Juni 2025, ni mashine itakayoitwa Starling, itakayojengwa Poughkeepsie, New York, na kuwa tayari mwaka 2029. Idadi yake ni kyubiti 200 tu, lakini kila moja ikiwa imeundwa kwa nyingi zinazolindana na kusahihishana, na uwezo wa hatua milioni 100. Huo ni mpango wa watu waliokwenda kijijini wakaonja maji.

Google nao wana hadithi yao. Mwaka 2019 walitangaza kwamba chipu yao ya kyubiti 53, Sycamore, ilifanya kwa sekunde 200 kazi ambayo kompyuta kubwa kuliko zote ingechukua miaka 10,000. IBM, mshindani wao, wakajibu kwamba hapana, siku mbili na nusu zingetosha. Desemba 2024 ikaja Willow, kyubiti 105, na safari hii tarakimu ya miaka ilikuwa moja yenye sifuri 25. Gazeti gani lingeacha kichwa cha habari kama hicho? Lakini kazi yenyewe, katika matukio yote mawili, ilikuwa ni kuchagua namba za bahati nasibu kwa njia iliyobuniwa makusudi iishinde kompyuta ya kawaida. Jibu lake halina mteja. Kilichokuwa kikubwa kweli katika Willow kilikaa aya ya pili: kwa mara ya kwanza, walipoongeza kyubiti za kulindana, kutoka gridi ya tatu kwa tatu hadi tano kwa tano hadi saba kwa saba, makosa yalipungua karibu nusu kila mara badala ya kuongezeka. Wazo la kusahihisha makosa kwa namna hiyo lilikuwa la Shor huyohuyo, mwaka 1995. Karibu miaka 30 ilipita kabla ya kuonekana kwa macho.

Sasa turudi kwa mnufaika, na nichague ahadi moja, ile inayotajwa sana mbele ya wakulima: mbolea.

Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa viwandani kwa njia ya Haber na Bosch, iliyoanza kutumika Ujerumani mwaka 1913. Inahitaji joto la nyuzi mia nne hadi mia tano na mgandamizo mkubwa, na hula gesi asilia kwa wingi. Wakati huohuo, kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage, bakteria wanafanya kazi ileile ya kunasa naitrojeni kutoka hewani, kwenye udongo wa kawaida, bila moshi wala kelele. Wanatumia kimeng'enya chenye kiini cha chuma na molibdeni, na namna kiini hicho kinavyofanya kazi hatua kwa hatua bado imewashinda wanakemia. Elektroni zake zimefungamana mno kwa kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 watafiti wa Zurich wakishirikiana na wa Microsoft walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kompyuta ya kwantamu, ikiwa kubwa vya kutosha na isiyokosea, ingeweza kulichunguza jambo hilo kwa muda unaovumilika. Tangu hapo, mkulima amekuwa hakosekani kwenye hotuba.

Hebu tuifuate njia kwa mguu. Mashine inapatikana. Inatoa jibu kuhusu nguvu za elektroni. Mwanakemia analisoma, anaelewa kitu ambacho hakukielewa. Kutoka kuelewa hadi kubuni kichocheo kipya, miaka. Kutoka kichocheo cha maabara hadi kiwanda, miaka na mabilioni. Kiwanda kinatoa mbolea nafuu. Mbolea inapakiwa melini, inafika bandarini, inapanda lori kwenda Njombe au Mbinga, inafika kwa wakala. Hapo mkulima anasimama kwenye mstari na kitambulisho mkononi, akiomba mvua isitangulie. Mwaka 2022 bei zilipopanda dunia nzima, serikali ya Tanzania ililazimika kurudisha ruzuku, na waliokuwa kwenye mistari ile wanakumbuka kwamba shida haikuwa kemia. Nusu ya pili ya njia hii haina elektroni hata moja.

Na bibi yangu alikuwa akichanganya mahindi na maharage shambani, msimu hadi msimu. Hakuwa na neno la naitrojeni. Alikuwa na bakteria.

Sisemi utafiti uachwe. Nasema mwenye kuandika "mkulima mdogo" kwenye safu ya wanufaika aandike pia nani ataibeba mbolea kutoka safu hiyo hadi shambani.

Tatizo la Lisbon ni jingine kidogo, na linaumiza zaidi. Kupanga njia za mabasi ni aina ya hesabu ambayo kompyuta za kawaida zimeizoea kwa miongo mingi, na kwa mabasi tisa hata ile ya mezani ingelimudu jambo lenyewe. Kituo ninachosubiria mimi, mtu yeyote aliyesimama pale saa kumi na mbili asubuhi atakwambia kinachokosekana si hesabu ya njia. Ni basi.

Kuna mkasa mmoja katika historia hii ambao nausimulia kila nikipata nafasi. Mwaka 2016 watafiti wawili, Iordanis Kerenidis na Anupam Prakash, walibuni njia ya kwantamu ya kupendekeza filamu au bidhaa kwa mteja kutokana na alichopenda zamani, na ilionekana kuwa ya haraka mno kuliko njia yoyote ya kawaida. Hapa sasa palikuwa na mtu wa kawaida kweli, yule anayetafuta filamu ya jioni. Katika Chuo Kikuu cha Texas, mwanafunzi mmoja kijana, Ewin Tang, alipewa na mwalimu wake Scott Aaronson kazi ya kuthibitisha kwamba kompyuta ya kawaida haiwezi kufua dafu. Akahangaika nayo, ikamkatalia. Mwaka 2018 alitoka na jibu la kinyume: njia ya kawaida ipo, inakaribia kasi ileile, na kumbe aliigundua kwa kuiangalia njia ya kwantamu kwa makini. Mradi ulikufa, mnufaika akanufaika. Sijui safu gani ya taarifa ingebeba matokeo kama hayo.

Machi 2024 likatokea jambo ambalo kwa mzoefu wa miradi lilisema mengi. Google na taasisi ya GESDA ya Geneva walidhamini shindano la XPRIZE la dola milioni tano, la miaka mitatu, kwa atakayeonyesha matumizi ya kompyuta ya kwantamu yenye faida kwa jamii. Kwa maneno mengine, mtambo umeshapigiwa picha, sasa anatafutwa mtu wa kusema utafanya nini. Nimeona hilo kwenye warsha za vijijini: mashine ya kukamua alizeti imeshashushwa, ndipo wanakijiji wanaulizwa kama wanalima alizeti. Lakini niwatendee haki. Kuuliza, hata kwa kuchelewa na kwa zawadi, ni bora kuliko kuendelea kutangaza. Mwaka huohuo, kwa rasimu iliyowasilishwa na Ghana, Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 kuwa mwaka wa kimataifa wa sayansi ya kwantamu, miaka 100 tangu Heisenberg na wenzake waandike misingi yake. Mwaka ukaanza vibaya sokoni. Januari, Jensen Huang wa Nvidia alisema mashine zenye manufaa makubwa hazitafika kabla ya miaka 15, na pengine 30. Hisa za kampuni ndogo za kwantamu zikaporomoka siku iliyofuata. Anauza chipu za kawaida, kwa hiyo ushahidi wake upokelewe kwa tahadhari. Miezi michache baadaye alilegeza kauli.

Afrika tumeshawahi kuiona kwantamu kazini mapema kuliko wengi wanavyojua, ingawa haikuwa kompyuta, ilikuwa binamu yake. Kombe la Dunia la 2010, uwanja wa Moses Mabhida, Durban. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kikiongozwa na Francesco Petruccione, pamoja na kampuni ya Uswisi ya ID Quantique, walifunga mtambo wa kulinda mawasiliano kati ya uwanja na kituo cha usalama nje yake. Funguo za siri zilisafirishwa kwa chembechembe za mwanga. Anayedukua angezivuruga na kujulikana. Pale ndipo Puyol wa Hispania alipowafunga Wajerumani kwa kichwa katika nusu fainali. Maelfu walikuwa uwanjani na hakuna aliyejua kwamba ulinzi wake una fizikia ya namna hiyo chini ya sakafu. Mashindano yakaisha. Kama Lisbon: mtambo uliofanya kazi, mbele ya watu halisi, kwa siku za wageni.

Ukitaka kwantamu iliyobaki wageni walipoondoka, nenda hospitali yenye MRI. Mashine ile inasikiliza viini vya haidrojeni vilivyo mwilini mwako vikijibu wito wa redio ndani ya sumaku, na tabia hiyo ni kwantamu tupu. Wanafizikia Bloch na Purcell waliigundua mwaka 1946 wakichunguza atomu, si wagonjwa. Picha ya kwanza, ya mwanakemia Lauterbur, ilikuja 1973, na mgonjwa wa kwanza aliyesaidika alilala ndani ya mashine huko Aberdeen mwaka 1980. Miaka 34, bila ramani ya kazi, bila safu ya wanufaika.

Na hapo pana uzi unaofika kwetu. Sumaku ya MRI hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, mara nyingi zaidi ya lita elfu moja kwa mashine moja. Kompyuta za kwantamu za akina IBM na Google nazo hukaa ndani ya majokofu yanayotumia mchanganyiko wa heliamu za aina mbili, kwenye baridi ya sehemu ndogo ya nyuzi moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 chini ya sifuri. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham na kampuni ya Helium One walitangaza hazina kubwa ya heliamu katika bonde la Rukwa, makadirio yao yakiwa futi za ujazo bilioni 54. Miamba mizee ya huko ina urani na thori. Kuoza kwake kwa mamilioni ya miaka ndiko kunakoizaa gesi hiyo. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula kilitoa heliamu hadi juu ya ardhi. Basi mtu wa Rukwa akiuliza kompyuta ya kwantamu itamfaa nini, jibu lililo karibu linaweza kuwa mrabaha, barabara ya changarawe na kazi ya ulinzi getini. Akipata hivyo vitatu atakuwa amewazidi abiria wa Lisbon.

Nimesema mabaya ya kutosha. Upo mradi mmoja wa kwantamu ambao umetekelezwa, umefika kwa watu wa kawaida kwa mamilioni, na karibu hakuna aliyeuandikia makala. Ni mradi wa kujikinga na mashine ambayo bado haipo.

Hesabu za kuvunja siri kwa njia ya Shor zimekuwa zikishuka bei. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja kufuli la kawaida la biti 2,048 kungehitaji kyubiti milioni 20 kwa saa nane. Mei 2025 Gidney alirudi na makadirio mapya: chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mashine hiyo haipo. Lakini anayenasa mawasiliano leo anaweza kuyaweka ghalani akayafungua siku itakapokuwepo. Meseji yangu ya kuuliza bei ya kilo ya sangara hakuna atakayeiweka ghalani. Faili la hospitali, hati ya shamba, alama za vidole za kitambulisho cha taifa, hivyo vina umri mrefu kuliko mashine yoyote.

Kwa hiyo mwaka 2016 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliita dunia nzima ilete makufuli mapya yasiyovunjika kwa njia ya Shor. Yalikuja 82, yakapokelewa 69, kisha yakaachwa hadharani yashambuliwe na yeyote. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mwaka 2022 kufuli moja lililofika mbali, Rainbow, lilivunjwa na Ward Beullens kwa kompyuta ya mapajani mwishoni mwa wiki. Miezi michache baadaye jingine, SIKE, likavunjwa na watafiti wawili wa Leuven, Ubelgiji, kwa saa moja hivi, kwenye kompyuta ya kawaida kabisa. Makufuli yaliyojengwa kumzuia tembo yalifunguliwa kwa pini ya nywele. Bora yafunguliwe pale kuliko benki. Agosti 2024 viwango vitatu vya kwanza vikatoka, na kabla hata havijakauka wino watu wa programu walikuwa wameshaanza kuvitia ndani: Signal kuanzia Septemba 2023, iMessage ya Apple Machi 2024, kivinjari cha Chrome mwaka huohuo. Hakuna utepe uliokatwa. Ulilala, simu ikajisasisha kwenye chaji, ukaamka na kufuli jipya.

Kazi haijaisha. Pasi zetu za kielektroniki, Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2018, zina chipu zenye saini za kidijitali, na saini hizo duniani kote hutegemea hesabu za ukoo uleule ambao Shor aliutia kiwewe. NIST imependekeza njia za zamani zisitumike tena baada ya 2035. Pasi ya miaka kumi itakayotolewa 2027 itakuwa hai mpaka 2037. Hiyo ni hesabu nyingine ya darasa la nne, na inahitaji afisa wa ununuzi kuliko mwanafizikia.

Nikaona niende kuonja maji. Nilikwenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi ninayemfahamu. Mezani pake palikuwa na simu kama kumi, nyingine zimefunguliwa matumbo. Nikamwambia nataka kujua ni ngapi kati ya hizo zinapokea masasisho.

"Masasisho?"

"Apdeti."

"Ahaa, apdeti. Mzee wangu, nyingi kampuni ilishaziacha siku nyingi. Hizi hapa hazina hata nafasi ya kupokea picha ya harusi." Akachagua moja, kioo kimepasuka pembeni, akaiwasha. "Na hii inayoweza, mwenyewe hataki. Apdeti inakula bando."

Nikamweleza kuhusu kufuli jipya, kwa kifupi, bila mawimbi wala jabali. Akanisikiliza kwa adabu, koleo mkononi. Akaniuliza kama kufuli hilo linazuia zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii". Nikasema hapana, zile hazivunji kufuli lolote, zinamwomba mwenye nyumba afungue mwenyewe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia bei asiyoitarajia.

Mwenye simu alikuwa amefika, dada mmoja mwenye haraka. Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe ukiuliza kama asasishe sasa au baadaye. Fundi akamtazama. Dada akanyoosha kidole, akabonyeza "Baadaye", akalipa, akaondoka.